Cheti cha Kukosa Mtu

Iko nchi moja, na tafadhali msianze kukonyezana, si hii yetu. Hii yetu ina jina. Ile haina. Ilikuwa nalo zamani, jina zuri tu, likapelekwa wizarani kugongwa muhuri, na mpaka leo faili halijarudi. Aliyekwenda kuulizia aliambiwa aje Jumatano. Nawasimulia kama nilivyosikia, wala siongezi chumvi. Chumvi yenyewe kule inahitaji kibali.

Katika nchi hiyo, Mtaa wa Kisimani, aliishi Bi Sikudhani, mjane wa miaka sitini na mitatu, aliyepika maandazi mpaka magoti yakamkatalia. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Haidari, aliyekwenda nchi za baridi kutengeneza lifti. Miaka kumi na mmoja hawajaonana. Si kwamba Haidari hakutaka kuja. Sheria za huko alikokuwa zilisema akitoka kabla karatasi zake hazijakomaa, anaanza moja. Akaoa huko huko, akapata binti, na binti akafika miaka minne akimjua bibi yake kipaji cha uso tu, maana Bi Sikudhani hakuwahi kujua simu inashikwaje wakati wa picha. Haja ya mama wa watu ilikuwa moja: ampakate yule mtoto kabla hajafa. Basi. Hakutaka theluji, hakutaka maghorofa.

Mwezi wa nane Haidari akapiga simu.

"Mama, sheria inabadilika. Mwaka mpya ukiingia, wazazi hawapokelewi tena. Maombi yako ya kibali cha kuishi huku lazima yafike ubalozini kabla Disemba haijaisha."

"Wanataka nini, baba?"

"Pasipoti, picha mbili usicheke, na cheti cha serikali kwamba huko huna mtu."

"Sina mtu kivipi?"

"Yaani huna wa kukutazama isipokuwa mimi."

"Na Mashavu je?"

"Mama mdogo ndiye tatizo lenyewe, mama."

Mashavu alikuwa mdogo wake Bi Sikudhani, tumbo moja, ziwa moja. Nyumba zao ziligawana ukuta. Mashavu alikuwa akilea wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yake, na hakuna siku iliyopita wale dada wawili hawakugombana wala siku iliyopita hawakupatana. Bi Sikudhani akacheka kwenye simu. Alidhani ni jambo la kwenda mahali, kusema neno na kurudi.

*

Serikali ya nchi ile, iliposikia kwamba mataifa ya baridi yanataka wapweke, haikulala. Ilianzisha Idara ya Upweke, yenye mkurugenzi, wasaidizi wanne, magari saba na wafanyakazi mia mbili na kumi katika vyumba sita. Walikuwa wamebanana kiasi kwamba karani akitaka kupiga chafya huomba ruhusa kwa wenzake. Juu ya mlango paliandikwa: HUDUMA KWA ASIYE NA MTU. NJOO NA WATU WAWILI WAKUTAMBULISHE.

Dirisha namba tatu alikaa Bi Tunzo, mwanamke nadhifu mwenye miwani ya kamba, aliyesifiwa idara nzima kwa kutowahi kuinua macho.

"Fomu UP saba," akasema. "Ujaze kwa wino mweusi. Maana ya mtu imeelezwa nyuma."

Bi Sikudhani akageuza. Nyuma paliandikwa kwamba mtu ni yeyote ambaye, mwombaji akifa, atajua kabla ya siku tatu.

"Mwanangu, mie nikifa, Kisimani nzima itajua kabla sijapoa."

"Basi huna sifa."

"Sifa ya nini?"

"Ya kukosa. Kajitahidi, mama. Atakuja mkaguzi."

Mkaguzi alikuja Jumatatu, kijana mpole aliyeitwa Tegemeo Lukindo, na kiti chake cha kukunja, mwavuli na daftari. Alikuwa amelelewa vizuri na wazazi wake. Alipofika akasema, "Shikamoo mama," kisha akashtuka, akajiandika mwenyewe mstari wa kwanza. Mpaka adhuhuri alikuwa na salamu arobaini na moja, sahani mbili za chakula zilizoletwa zimefunikwa kawa, jirani mmoja aliyekuja kuazima kinu akakaa saa nzima, na mzee aliyepita kumuuliza Bi Sikudhani kama yale magoti yamepata nafuu.

"Mama," akasema Lukindo akifunga daftari kwa huzuni, "upweke gani huu? Nilidhani hapa pana msiba."

*

Sasa hapa ndipo Mtaa wa Kisimani ulipofanya kosa ambalo mtaa mwingine wowote duniani usingelifanya. Mzee Kidumu, mjumbe wa nyumba kumi, aliita kikao. Akasimama na fimbo yake.

"Ndugu zangu, mwenzetu ana shughuli."

Neno shughuli kule Kisimani halina mjadala. Iwe harusi, iwe maulidi, iwe msiba, shughuli ni shughuli. Kabla mzee hajakaa, Kamati ya Upweke ilikwishaundwa. Mwenyekiti akawa Bi Mwajabu, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kila kitu pamoja na kikundi cha kuzikana. Wakachagua wa jikoni, wakachagua wa viti na maturubai. Wakakubaliana sare. Wakapata kanga za zambarau zenye maneno yasemayo SIKUJUI HUNIJUI TUSISUMBUANE, na siku ya Ijumaa wanawake thelathini na wawili wakajaa uani kwa Bi Sikudhani kumsaidia kuwa peke yake.

Lukindo alikuja bila taarifa. Alikuta masufuria matatu ya pilau, ngoma, na Mashavu katikati akikata kiuno.

"Kuna nini hapa?"

"Tunamwacha," akajibu Bi Mwajabu kwa fahari. "Karibu kiti."

Kijana alikula sahani mbili, akanawa, akaandika: Upweke wenye pilau. Umekataliwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa na roho nzuri na pilau ilimkaa, akawaelimisha. Kumwacha mtu si kwa mdomo. Sheria ilitaka viapo. Kila mtu mzima anayemfahamu mwombaji aende mahakamani, aape kwamba hamjui, au alimjua na amemkataa, na aeleze sababu. Alipohesabu majina katika daftari lake, yalikuwa thelathini na saba.

"Ni karatasi tu," akasema Mzee Kidumu.

"Karatasi tu, shoga yangu," Bi Mwajabu akamwambia Bi Sikudhani, akamkumbatia. "Mungu anaijua mioyo yetu."

*

Viapo vya kwanza vilirudishwa vyote. Watu walikuwa wameandika: Hana ubaya. Au: Tumemkataa kwa sababu tunampenda aende kwa mwanawe. Bi Tunzo alivisukuma nje ya dirisha kwa ncha ya rula.

"Sababu iwe ya kukataa. Na iwe ya kweli. Wanapima."

Walipima kweli. Mzee Kidumu, kwa kukosa la kusema, aliandika kwamba Bi Sikudhani anakoroma. Mkewe akataka kujua amemsikilizia wapi, na mjumbe wa nyumba kumi akalala barazani wiki nzima na fimbo yake. Mwingine aliandika kwamba mama huyo ni jasusi. Akaitwa kwenye ofisi nyingine kabisa, akarudi mnyonge, hakusema alichoulizwa.

Basi watu wakaanza kutafuta. Na mtu ukimtafutia sababu jirani uliyeishi naye miaka thelathini, jamani, huikosi. Mwanzoni walitafuta kwa kicheko, huku wakimuuliza mwenyewe, "Shoga, nikuandike lipi?" Baadaye wakaacha kumuuliza. Wakawa wanaandika wameinama, mkono umekinga karatasi, na wakimaliza wanakunja haraka.

Utaratibu ulitaka mwombaji asomewe kila kiapo dirishani kwa sauti, naye aseme, "Nakubali." Bi Sikudhani akasimama siku mbili kwa magoti yale yale. Bi Tunzo alisoma kwa sauti ya kuita majina ya wagonjwa.

"Salima Njugu. Anasema, alipofiwa na mumewe, mwombaji alikaa matanga siku moja, akaondoka kuwahi unga wake usichachuke."

"Nakubali."

"Mwajabu Pazi. Anasema tangu mwanawe aende ng'ambo, anajibu salamu kwa pua. Na maandazi yake yalikuwa hewa."

Bi Sikudhani akageuka, kana kwamba Bi Mwajabu angekuwa nyuma yake amwambie ni utani. "Nakubali," akasema.

"Kidumu Kidumu. Amebadilisha. Anasema mwombaji aliwahi kuazimwa kinu cha mtaa akakirudisha na ufa, akanyamaza."

"Ufa ule ulikuwepo!"

"Unakubali ama nikirudishe?"

"Nakubali."

Vikasomwa thelathini na sita. Alikubali majivuno, alikubali uchoyo, alikubali kusengenya harusi ya mtu iliyokwishavunjika. Cha mwisho kilikuwa cha Mashavu. Kilikuwa kifupi kiasi kwamba Bi Tunzo aligeuza karatasi kuona kama kuna upande wa pili.

"Mashavu Haji. Anasema, mama yetu alimpenda yeye."

Bi Sikudhani alibaki ameshika ukingo wa dirisha mpaka mtu wa nyuma yake kwenye foleni akaguna. Miaka sitini walikuwa wameishi pamoja, na neno lile Mashavu hakuwahi kulitoa hata siku moja, hata katika ugomvi. Na lilikuwa kweli.

"Nakubali," akasema, na Bi Tunzo akaliwekea alama ya vema, akamwambia hiki ndicho kiapo kizuri kuliko vyote, kina uzito.

Jioni ile Mashavu hakuja kuomba chumvi. Bi Mwajabu naye alimfuata mlangoni, akasimama nje ya kizingiti, akamwambia kwamba kikundi cha kuzikana kimelazimika kulifuta jina lake, na sanda yake iliyokuwa imewekwa amepewa mtu mwingine mwenye haraka nayo.

"Ukifia huko watakuzika wao," akasema. "Wana mashine."

*

Novemba Lukindo alirudi kwa ukaguzi wa mwisho. Siku tatu, alfajiri mpaka magharibi, kiti kile kile ng'ambo ya njia. Safari hii Kisimani ilijiandaa kama watu. Hakuna aliyesalimu. Watu walipita wameangalia viatu vyao. Mzee mmoja aliyezoea kuinua kofia aliinua mkono, akakumbuka, akajikuna. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na moyoni Bi Sikudhani akaanza kufungasha. Alikwisha kununua sweta la mjukuu, ingawa aliambiwa masweta huko yamejaa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akiwa anatoka bafuni uani, akakanyaga sabuni.

Alianguka chali, mkono wa kulia chini yake, akausikia ukivunjika. Uzio wa makuti ulikwisha kuoza, kwa hiyo kila kitu kilionekana toka njiani. Akapiga ukelele wa jina moja tu: "Mashavu!"

Lukindo akanyanyua kichwa, akafungua kalamu.

Mtaa mzima ulikuwa madirishani. Mashavu alikuwa upande wa pili wa ukuta, hatua nane, amejaza upindo wa kanga mdomoni, na wajukuu wake watatu wamemshika miguu kwa sababu walikuwa wamemwona anavyotaka kukimbia. Bi Sikudhani aliiona kalamu. Akamwona akilini yule mjukuu wa miaka minne. Akafumba mdomo, na hakuufumbua tena.

Kanuni zilisema mkaguzi angoje muda wa saa nne aone kama kuna atakayemsogelea. Saa nne zikatimia, jua likimpiga usoni, inzi wakijipitia. Mkaguzi alikunywa chai yake ya chupa, akala kiazi, akatazama saa. Muda ulipofika akavuka njia, akachuchumaa karibu naye kwa adabu.

"Hongera sana, mama. Upweke wa Daraja la Kwanza. Tangu nianze kazi sijautoa. Tia sahihi hapa."

"Mkono umevunjika, baba."

"Wa kushoto unatosha, kanuni imeruhusu."

Akatia kitu fulani kwa mkono wa kushoto. "Sasa ninyanyue, mwanangu."

"Ningependa sana, mama," akasema Lukindo, na mimi naamini alipenda. "Lakini nikikunyanyua nitakuwa mtu."

Akakunja kiti, akaondoka. Bi Sikudhani akajikokota mwenyewe mpaka ndani, kisha mpaka zahanati. Waliomfunga mhogo wa plasta walimuuliza jina la ndugu wa karibu, akawaonyesha fomu.

*

Wizara ilifurahi mno. Haikuwahi kuona faili lililokamilika, na sasa limekamilika ikataka taifa lilione. Ikatangazwa Siku ya Upweke Kitaifa, watu elfu tano wakaletwa uwanjani kwa magari ya serikali, na Bi Sikudhani akapandishwa jukwaani na mkono wake kwenye kitambaa. Mheshimiwa Profesa Injinia Kilumbe, Waziri wa Kutengana na Maendeleo, akakamata kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wenzetu wana mafuta, wana almasi. Sisi Mungu ametujalia nini? Watu! Na watu, wakitenganishwa kitaalamu, wanauzika! Mama huyu hana ndugu. Hana jirani. Hana hata wa kumwazima kiberiti. Na je, ameandamana? Ameitukana serikali? Amejaza fomu! Nasema, mwanzoni mwa awamu yetu tulikuwa na mpweke sifuri. Leo tuna mmoja. Hilo ni ongezeko ambalo hata hesabu inashindwa kulitaja!"

Vigelegele. Waziri akauliza kwa mbwembwe kama kuna yeyote uwanjani anayemfahamu shujaa huyu. Kisimani yote ilikuwepo, safu ya sita, katika zile kanga za zambarau. Hakunyanyuka mkono. Watu wakashangilia zaidi, na Mashavu akapiga makofi pamoja nao, kwa sababu askari alikuwa akitazama nani hapigi.

*

Tarehe ishirini na tisa Disemba, Bi Sikudhani alipeleka faili ubalozini, limefungwa kwa utepe. Tarehe thelathini na moja, saa tatu asubuhi, akaitwa kupewa jibu. Bwana mmoja mrefu, mpole kupita kiasi, alimpa kiti na maji ya kunywa, akamsomea barua kupitia mkalimani.

Barua ilimshukuru kwa faili zuri. Ilisema ubalozi umeridhika pasipo shaka kwamba mwombaji hana mtu. Ila, baada ya kusoma viapo thelathini na saba, ubalozi umejiuliza ni mama wa namna gani huyu, ambaye mtaa mzima alioishi miaka thelathini, na hata ndugu yake wa damu, wamemkataa mbele ya hakimu kwa sababu zilizopimwa zikaonekana za kweli. Mkaguzi ameshuhudia akilia ameanguka na hakuna aliyemsogelea. Nchi yao ni ndogo na ina utulivu. Kwa masikitiko, maombi yamekataliwa.

"Mwambie ni uongo," Bi Sikudhani akamwambia mkalimani. "Mwambie wananipenda wale. Walipika pilau."

Mkalimani akamwambia. Bwana mrefu akachungulia faili, akauliza kwa upole: je, walimpenda, au waliapa? Maana kama walimpenda, basi ana watu, na cheti ni batili. Kuhusu rufaa, alikuwa na haki kamili ya kukata rufaa chini ya sheria iliyokuwa inaisha saa sita usiku, na dirisha la rufaa litafunguliwa kesho.

Haidari alilia kwenye simu. Alilia kwa kwikwi, mtu mzima, mkewe nyuma akimuuliza kuna nini. Bi Sikudhani akamwambia asiache kazi, ale, na amfunike mtoto asije akashikwa na baridi. Kisha akazima simu, akarudi Kisimani kwa miguu.

Alidhani watampokea. Alifika kwenye kona akaliona baraza limejaa, akasema, "Asalaam aleikum," na moyo ukamwenda mbio kwa furaha ya kuwaona tu. Wote wakainuka. Bi Mwajabu akafungua mikono. Mzee Kidumu ndiye aliyemvuta nyuma, machozi yanamtoka.

"Cheti ni cha miaka saba, jamani," akawakumbusha. "Anayemjua ameapa uongo. Miaka miwili jela."

Wakakaa tena. Wiki ya kwanza walikuwa wakilia akipita. Wiki ya tatu walikuwa wakinyamaza. Baada ya mwezi wakawa wanaendelea na mazungumzo yao, na watoto wadogo wa mtaa, ambao hawakuwa na kiapo wala nini, walimpisha njiani bila kumwangalia, kwa kuwa ndivyo walivyoona wakubwa wanafanya. Lukindo alipita mara moja kukagua, akaridhika.

Siku ya arobaini Mashavu alishindwa. Alfajiri akagonga ukuta.

"Dada."

Bi Sikudhani akaweka kiganja ukutani.

"Dada, mimi siwezi. Twende tukakifute. Tangulia, nitakukuta huko."

*

Dirisha namba tatu, Bi Tunzo alikuwepo, na miwani yake ya kamba. Bi Sikudhani akaeleza: kibali amenyimwa, cheti hakina kazi, anaomba kirudishwe serikalini apate watu wake.

"Kufuta ni rahisi sana," akasema Bi Tunzo. "Unaleta shahidi mmoja wa damu anayekujua."

"Huyu hapa."

Mashavu akasogea. Alikuwa amevaa vizuri, amejipaka wanja kama anakwenda harusini. Njia nzima alikuwa akitembea nyuma ya dada yake hatua kumi, na sasa wakasimama bega kwa bega kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Bi Sikudhani akasikia joto la mkono wa mdogo wake, na akili ikamruka kidogo kwa raha.

"Unamjua huyu mama?"

"Huyu ni da..."

"Usimalize. Nikusomee kwanza, ni haki yako." Bi Tunzo akafungua faili. "Tarehe kumi na mbili Oktoba uliapa kumkataa. Ukisema leo unamjua, cheti kinafutwa hapa hapa, na kiapo chako kinakuwa cha uongo. Miaka miwili. Yule pale ni askari, utaondoka naye. Zamani mlikuwa mnapelekwa mahakamani mnazungushwa, siku hizi tumerahisisha huduma. Ukisema humjui, nenda zako nyumbani kapike. Haya. Unamjua?"

Mashavu akamtazama askari. Akatazama mlango. Nyumbani alikuwa amewaachia wale watoto watatu uji kwenye chupa na kumwambia mkubwa asifungue kwa mtu. Akashusha pumzi, akafunga kanga yake kiunoni vizuri, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu kizito, akafungua mdomo.

"Simjui huyu," akasema Bi Sikudhani.

Bi Tunzo akainua macho. Watu wa idara ile wanasema ilikuwa mara ya kwanza.

"Si umemleta wewe?"

"Nimekutana naye hapo getini. Nilimwomba anishike mkono, ngazi zenu ndefu."

"Dada!" Mashavu akamdaka mkono, ule uliovunjika, akaushika kwa nguvu mpaka Bi Sikudhani akakunja uso.

"Umenifananisha, mama," akasema Bi Sikudhani, akautoa mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nenda nyumbani kwako."

Bi Tunzo akaandika mstari mmoja, akagonga muhuri juu yake, akapuliza wino ukauke. Alisema kwa kuwa sasa mwombaji amethibitisha kwa kinywa chake mwenyewe, cheti kimetoka kwenye miaka saba kimekuwa cha maisha. Akaugeuza ukurasa.

"Ungesema hivyo tangu asubuhi," akamwambia, "tusingepotezeana muda."